Tukimfuata Seremala Thomas: Kentucky, Indiana hadi Illinois

Alhamisi. Louisville, Long Run, Springfield ya Kentucky

Shangazi yangu, mkunga mstaafu wa Tanga, amekuja kutusalimia Louisville na amekataa katakata kupelekwa madukani. Anataka kuona hawa Wamarekani walitokea wapi, "si maghorofa, watu". Nikamwambia hapa Kentucky kuna familia moja maarufu ambayo njia yake yote inaweza kufuatwa kwa gari, kuanzia babu hadi mama wa kambo: familia ya Lincoln. Rais mwenyewe, Abraham Lincoln, anajulikana vya kutosha. Tunaowafuata sisi ni waliomzaa na waliomlea, na hao si lazima wawe watu walewale.

Tumeanzia mashariki mwa jiji, kwenye kijito cha Long Run, penye makaburi ya zamani ya kanisa la Wabaptisti. Inaaminika kwamba Abraham Lincoln amezikwa hapa. Huyu ni babu, si rais. Mwaka 1786 alikuwa shambani na wanawe watatu, Mordecai, Josiah na Thomas, alipopigwa risasi na wenyeji wa asili wa nchi hii, ambao maeneo yao ya kuwindia walowezi walikuwa wakiyageuza mashamba bila kukaribishwa na mtu. Josiah alikimbilia ngomeni kuomba msaada. Mordecai aliingia ndani akachukua bunduki, akamuua aliyekuwa anamsogelea mdogo wao. Thomas, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa kando ya maiti ya baba yake muda wote huo.

"Halafu mirathi?" Shangazi akauliza. Hapo ndipo pabaya. Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia, na kwa sheria ya wakati ule baba akifa bila wosia ardhi inakwenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Mordecai alichukua vyote. Thomas alikua kibarua, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Baadaye mwanawe, yule rais, aliandika kwamba baba yake alikua bila elimu kabisa, na kwamba katika kuandika hakuvuka kiwango cha kutia saini jina lake kwa shida. Maneno makali hayo kutoka kwa mtoto. Lakini Thomas alijifunza useremala, na kabati alizotengeneza zipo hadi leo. Nadhani mtoto angeweza kuzitaja na hizo.

Mchana tulishuka hadi Springfield, makao ya wilaya ya Washington, kwa sababu hapa ndipo ilipopatikana hati ya ndoa. Thomas Lincoln na Nancy Hanks walioana tarehe 12 Juni 1806, wakafungishwa na mchungaji wa Kimethodisti aitwaye Jesse Head. Siku mbili kabla, Thomas alikuwa ametia saini dhamana ya pauni 50. Shangazi akafurahi: "Kumbe nao wanatoa mahari!" Nikamweleza kwamba hizo hazikwenda kwa wazazi. Ilikuwa ahadi kwa serikali kwamba hakuna kizuizi cha ndoa, na kama kingekuwapo ndipo wangedaiwa. Furaha ikapungua kidogo.

Hati hiyo ina uzito wake. Kwa miaka mingi watu waliitafuta katika wilaya ya Hardin, walikoishi wanandoa hao baadaye, wakaikosa. Basi midomo ikafunguka: eti Thomas na Nancy hawakuoana, eti baba wa rais ni fulani, na wengine wakataja majina ya wanaume kadhaa. Mwaka 1878 karatasi zikaonekana Springfield, katika masjala ya mahakama. Mtoto wa kwanza, Sarah, alizaliwa Elizabethtown tarehe 10 Februari 1807, miezi minane baada ya harusi. Mkunga alihesabu kwa vidole, akanyamaza, kisha akasema hakuna neno, watoto wengine wana haraka.

Tumelala Elizabethtown.

Ijumaa. Hodgenville na Knob Creek

Nje kidogo ya Hodgenville kuna shamba la Sinking Spring, alikozaliwa Abraham tarehe 12 Februari 1809. Wamejenga hekalu la mawe lenye nguzo, na ngazi 56, moja kwa kila mwaka aliouishi. Rais Theodore Roosevelt aliweka jiwe la msingi 1909 na Rais Taft akalizindua 1911. Ndani ya jengo hilo kubwa wamekiweka kibanda kidogo cha magogo. Shangazi alipanda akishika chuma cha pembeni, akafika juu anahema, akakizunguka kibanda mara moja, akauliza kama ndicho chenyewe. Sicho. Magogo yalipimwa kwa pete za miti, ikaonekana yalikatwa mnamo mwaka 1848. "Ngazi zote hizi kwa nyumba ya mtu mwingine," akasema.

Chemchemi lakini ndiyo ileile. Inashukiwa kwa ngazi chini ya mwamba, maji yanadondoka gizani halafu yanazama ardhini, na hewa pale chini ni ya baridi hata jua likiwaka. Shangazi alikaa hapo kuliko kule juu. Alisema mwanamke aliyejifungua Februari alihitaji haya maji karibu kuliko kitu kingine chochote, na akataka kujua nani alimzalisha.

Karibu na hapo ulisimama mwaloni mkubwa ulioitwa Mwaloni wa Mpaka. Wapimaji waliutumia kama alama ya shamba hata kabla Thomas hajalinunua, na ulikufa mwaka 1976. Mtu yeyote aliyewahi kukaa baraza la kijiji kusikiliza kesi ya mpaka ataelewa kilichofuata. Kentucky ilipimwa kiholela: kutoka mti ule hadi jiwe lile, kisha ufuate kijito. Mti ukianguka, kijito kikihama, watu wawili wana hati za shamba moja. Thomas alinunua hapa ekari 300 kwa dola 200 mnamo Desemba 1808. Baada ya miaka miwili na ushei aliondoka, hati ikiwa na mgogoro, akahamia Knob Creek. Huko nako akashitakiwa ili aondolewe, yeye pamoja na majirani zake.

Knob Creek iko maili chache kaskazini-mashariki, bonde jembamba lenye vilima pande zote mbili. Hapa palikuwa na rutuba kuliko Sinking Spring. Hapa Abraham alianza kushika kumbukumbu. Hapa alikaribia kufa maji kijitoni, akaokolewa na rafiki yake Austin Gollaher. Hapa pia Nancy alizaa mtoto wa tatu, wa kiume, akaitwa Thomas kama baba yake, akafa akiwa mchanga.

Barabara ya kutoka Louisville kwenda Nashville ilipita mlangoni kwao, na katika wilaya hii walikuwamo watumwa weusi wengi. Mwaka 1860 Abraham aliandika kwamba baba yake aliihama Kentucky kwa sehemu kwa sababu ya utumwa, lakini hasa kwa sababu ya shida ya hati za ardhi. Namwamini kwa mpangilio huo. Wapo wanaopenda kuigeuza sentensi, utumwa uje kwanza, ili baba naye aonekane shujaa. Thomas hakuwa shujaa. Alikuwa mtu aliyechoka kulima shamba ambalo kesho anaweza kunyang'anywa.

Jioni, tukila, Shangazi akaweka uma chini. "Huyu Nancy, yeye baba yake nani?"

Hajulikani. Mama yake alikuwa Lucy Hanks. Mnamo mwaka 1850 Lincoln, akisafiri kwa farasi na gari na mwanasheria mwenzake William Herndon kwenda mahakamani, alimwambia kwamba mama yake alizaliwa nje ya ndoa, na kwamba babu yake huyo alikuwa mwenye shamba wa Virginia, mtu wa ukoo mzuri. Jina hakulitaja. Wazee wa ukoo na watu wa nasaba walibishana kwa zaidi ya karne, wengine wakimtafutia Nancy mama mwingine aliyeolewa vizuri. Mwaka 2015 yalitolewa majibu ya vipimo vya vinasaba vinavyorithiwa kwa mama, yakaunga mkono maneno ya Lincoln mwenyewe kuhusu Lucy. Upande wa baba umebaki wazi. Lucy baadaye aliolewa na Henry Sparrow, na Nancy akalelewa na shangazi na mjomba wake, Elizabeth na Thomas Sparrow, hata watu wengine wakimwita Nancy Sparrow.

"Kalelewa na shangazi," akarudia Shangazi, akanitazama, akaagiza pai ya tofaa.

Jumamosi. Mto Ohio, Troy, Lincoln City

Tumevuka mto Ohio kwa daraja la Hawesville na kuingia Cannelton, Indiana, kisha tukafuata mto hadi Troy, kijiji kilichopo penye mlango wa mto Anderson. Akina Lincoln walivuka pande hizi Desemba 1816, mwezi uleule Indiana ilipopata hadhi ya kuwa jimbo. Ardhi upande huu serikali ilikuwa imeipima kwa miraba iliyonyooka na kuiuza yenyewe, dola mbili kwa ekari. Hakuna mwaloni wala kijito. Thomas aliandikisha ekari 160 ofisi ya ardhi ya Vincennes mwaka 1817, akashindwa kuzilipia zote, mwishowe mwaka 1827 akabaki na 80. Lakini zilikuwa zake, na hakuna aliyezigombea.

Saa zimerudi nyuma saa moja, kwa hiyo tumefika Lincoln City mapema.

Siku ya leo ndiyo yenyewe. Palipokuwa na nyumba wameweka mfano wa shaba wa magogo ya msingi pamoja na meko ya mawe, uwazi tu, bila kuta. Hatua chache kutoka hapo kuna shamba la maonyesho: kibanda, kuku, kondoo, mahindi, kitani. Mama mmoja aliyevaa gauni refu la miaka ya 1820 alikuwa anakoroga unga wa mahindi kwenye chungu cha chuma juu ya moto. Shangazi hakuvumilia. Alimwambia, nami nikatafsiri, kwamba uji ule ukiongezwa unga na kusongwa utakuwa chakula cha watu wazima. Yule mama alicheka akampa mwiko, na kwa dakika kadhaa Indiana ilikuwa Muheza.

Nilipomweleza mama huyo kwamba mgeni wangu alikuwa mkunga na angependa kujua Nancy alikufa na nini, alitutoa nje hadi ukingo wa msitu. Mwisho huu wa Septemba mmea uliomuua umechanua: kimo cha kiunoni, majani mapana yenye meno pembeni, vishada vya maua meupe madogo kama povu la sabuni. Mzuri, kusema kweli. Ng'ombe wakikosa nyasi kiangazi wanaingia msituni na kuula, sumu yake inapita kwenye maziwa. Mtu anatetemeka, anatapika, ulimi unabadilika rangi, na siku chache tu anakwisha. Waliita ugonjwa wa maziwa, na walowezi hawakujua kisa ni mmea.

Shangazi aliinama akaugeuza ua kwa ncha ya mwavuli wake. Akauliza nani alianza kufa.

Walianza Elizabeth na Thomas Sparrow, walezi wa Nancy, waliokuwa wamewafuata Indiana na kukaa jirani. Nancy aliwauguza, kisha akaugua yeye. Alikufa tarehe 5 Oktoba 1818. Thomas alichonga jeneza la mkewe kwa mbao alizopasua mwenyewe, na inasimuliwa kwamba Abraham, mwenye miaka tisa, ndiye aliyechonga vijiti vya kuliunganisha badala ya misumari. Sarah alikuwa na miaka kumi na moja.

Kaburi liko kilimani chini ya miti. Jiwe lake lililetwa mwaka 1879 kwa gharama za mtu wa ukoo wa Studebaker, wale watengenezaji wa magari ya farasi. Kwa miaka sitini na moja hapakuwa na jiwe la maana. Wageni huacha juu yake sarafu za senti moja, zile zenye sura ya mwanawe.

Sasa hesabu nani kabaki kibandani: mjane mwanamume, watoto wawili, na Dennis Hanks, binamu wa Nancy, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akikaa kwa akina Sparrow na sasa kafiwa na walezi. Dennis naye alizaliwa nje ya ndoa. Mpishi wao ni Sarah, ambaye bado mtoto. Mwaka mzima ukapita hivyo, wakichakaa.

Mwishoni mwa 1819 Thomas alirudi Elizabethtown, kwa mwanamke aliyemfahamu tangu ujana, Sarah Bush Johnston, mjane wa askari jela, mwenye watoto watatu. Inasemekana hakupoteza muda kubembeleza: wewe huna mume, mimi sina mke. Yeye akajibu ana madeni madogo, hawezi kuondoka mjini akidaiwa. Thomas akaenda akayalipa. Tarehe 2 Desemba wakafunga ndoa, wakapakia gari: kabati la droo, meza, viti, gurudumu la kusokotea uzi, magodoro ya manyoya. Watoto wa huku walikuwa wanalalia maganda na majani makavu.

Kwetu sisi mama wa kambo hana bahati katika hadithi. Ukimtaja tu, watoto wanajua kuna mtu atanyimwa chakula. Huyu alipofika aliwaogesha wale watoto wawili, akawavika, akamwamuru mumewe atie sakafu ya mbao na kumalizia milango na madirisha. Hakujua kusoma, lakini alipoona mtoto anapenda vitabu alimzuia Thomas asimkatize. Mwaka 1865, baada ya rais kuuawa, Herndon alimfuata kumhoji. Bibi alisema kwamba akili yake na ya Abe zilikuwa zinakwenda pamoja. Alikuwa pia na mwanawe wa kumzaa, John, aliyekulia chumba kilekile. Alisema wote walikuwa wazuri, ila Abe alikuwa mvulana bora kuliko yeyote aliyewahi kumwona.

Watu wanane katika chumba kimoja na dari ya kupandia kwa vigingi. Halafu wakaanza kuoana. Dennis akamwoa Elizabeth Johnston, binti wa mama wa kambo. Squire Hall, ndugu wa Dennis kwa mzazi mmoja, akamwoa Matilda, binti wa pili. Shangazi alijaribu kuchora ukoo huu nyuma ya kipeperushi cha hifadhi, akafuta, akachora tena. Alipofika kwa Squire Hall alirudisha kalamu kwenye pochi.

Kabla ya giza tulivuka barabara hadi bustani ya jimbo, kwenye makaburi ya kanisa la Little Pigeon. Sarah, yule aliyekuwa mpishi wa miaka kumi na moja, aliolewa na Aaron Grigsby mwaka 1826. Alikufa akijifungua tarehe 20 Januari 1828, akazikwa pamoja na mtoto. Lincoln aliwalaumu wakwe kwamba walichelewa kuita msaada. Shangazi alisimama muda mrefu. Kisha akaniuliza maswali ya kazini: mimba ya kwanza? Uchungu ulichukua muda gani? Palikuwa na farasi? Sikuwa na majibu. Alisema baridi ya Januari na usiku wa porini amevijua kwa namna nyingine, mafuriko na baiskeli, na kwamba mara nyingi wanaochelewa kuita si wabaya. Wanaona aibu kusumbua watu usiku.

Jumapili. Vincennes, mto Wabash, Lerna

Tarehe 1 Machi 1830 watu kumi na watatu waliondoka Indiana kwa magari ya maksai: Thomas na mkewe, Abraham, John, kisha Dennis na Squire Hall na wake zao na watoto. Tumepita Vincennes na kuvuka Wabash kama wao. Upande wa Illinois kuna mnara wa ukumbusho wa msafara huo. Baada ya hapo ni mahindi tu, tambarare hadi macho yanachoka.

Abraham alikuwa ametimiza miaka 21 mwezi uliotangulia. Hilo si jambo dogo: kabla ya umri huo mshahara wa kijana ulikuwa mali ya baba kisheria, na Thomas alimkodisha kwa majirani na kupokea ujira. Sasa alikuwa huru kuondoka, lakini aliendesha maksai, akasaidia kujenga nyumba mpya karibu na Decatur na kupasua mbao za ua. Mwaka 1831 ndipo kila mmoja akashika njia yake. Wazee waliishia hapa, wilaya ya Coles, karibu na Lerna. Kibanda cha sasa kilijengwa upya miaka ya 1930. Cha asili kilibomolewa kikapelekwa kwenye maonyesho ya Chicago ya 1893, kikapotea hukohuko.

Thomas na Sarah Bush wamezikwa makaburi ya Shiloh. Hapa ndipo tulipokorofishana, mimi na Shangazi. Thomas alikufa tarehe 17 Januari 1851. Siku tano kabla, Lincoln alimwandikia John kwamba hawezi kuja: ana kazi nyingi, mkewe yuko kitandani baada ya kujifungua, na kwamba wakionana sasa huenda uchungu ukazidi raha. Hakuja. Hata mazikoni hakuja.

"Hata mazikoni?" Kwa Shangazi hilo halisameheki. Mnaweza kugombana miaka ishirini, siku ya mazishi unakwenda, unatupa udongo, mengine baadaye. Nilimkumbusha kwamba mwaka 1849 aliambiwa baba anakufa, akaenda, akamkuta anapata nafuu. Nikamwambia pia kwamba mwaka 1853 alipata mtoto wa kiume wa nne akamwita Thomas. Akasema jina ni jambo jema, lakini marehemu hakulisikia. Alipoelekea Washington mapema 1861, rais mteule alipita huku kumuaga mama yake wa kambo, na siku hiyo alifika kwenye kaburi la baba. "Miaka kumi baadaye," akasema Shangazi.

Kitu kimoja nilikiacha hadi garini. Mwaka 1841 Lincoln alikuwa amenunua kwa dola 200 ekari 40 za shamba la wazazi, kwa sharti kwamba wazee wazitumie maisha yao yote. Thomas alipokufa, John, yule kaka wa kambo, alitaka kuuza ardhi ahamie Missouri. Novemba 1851 Lincoln alimwandikia kwa ukali: zile ekari 40 anamwekea Mama muda wote atakaokuwa hai, na kama John hatazilima zitakodishwa ili zimtunze.

Tulikuwa tumeshashika barabara ya Terre Haute nilipomaliza kumsimulia. Shangazi alitaka kujua jambo moja tu: ziliuzwa au hazikuuzwa?

Hazikuuzwa. Bibi alikaa hapo hadi alipofariki mwaka 1869.

"Haya," akasema, "sasa tutafute chai."